Pikapu ya daraja inachoma masikio: ninunue seti nzima ya koili moja au moja tu?

Nyuzi_Sita

Wakuu, habari za humu.

Nina gitaa la umeme lenye umbo la Stratocaster. Si Fender yenyewe, na nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu. Lina pikapu tatu (vifaa vya sumaku na waya vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi), ya shingoni, ya kati na ya daraja, kila moja ya koili moja, na swichi ya njia tano: ya kwanza daraja, ya pili daraja na kati, ya tatu kati, ya nne kati na shingo, ya tano shingo. Napiga solo kwenye bendi ya watu wanne. Mwenzangu wa ridhimu ana gitaa la hambaka (pikapu ya koili mbili) lenye sauti nene, kwa hiyo mimi natakiwa nikae juu yake, nisikike bila kumfunika wala kufunikwa.

Pikapu ya shingoni naipenda kutoka moyoni. Nikiacha piki nikapiga kwa kidole gumba, kila noti inatoka imejaa na imejitenga na mwenzake. Ya kati sina neno nayo. Ya daraja ndiyo inayonitesa. Uzi wa kwanza na wa pili vinachoma kama sindano, hasa nikiwa napiga sauti safi bila pedali. Juzi mazoezini mpiga ngoma aliniomba nihame kwenye ile pikapu, na yeye ndiye anayekaa mbali kuliko wote na ampu yangu.

Jambo la pili ni mvumo. Nikipandisha geini, mvumo unaingia kabla sijagusa uzi. Ila nikiweka swichi njia ya pili au ya nne, unanyamaza. Sielewi kwa nini.

Nimepima kwa multimita kupitia kebo, sauti ikiwa imefunguliwa yote: shingo kiloomu 5.6, kati 5.6, daraja 5.7. Nilipogeuza pikapu ya kati nikaona chini yake kuna kipande cheusi cha sumaku kimegundishwa, na vile vijiti sita si sumaku vyenyewe bali ni chuma.

Sasa niko njia panda. Kuna seti ya alniko 5 (aina ya sumaku) ya mtindo wa miaka ya 1950, yote karibu kiloomu 6. Kuna nyingine wanaiita ya moto, daraja lake linasoma 9.8, na muuzaji anasema itaondoa huo ukali. Kuna na za aina ya tatu, koili mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine, hazivumi kabisa. Nataka nifanye jambo hili mara moja na lifanyike sawasawa. Mngekuwa ninyi, mngechukua ipi?

Ridhimu_Tu

Mkuu, mimi nilihangaika na daraja la koili moja miaka miwili nikachoka. Nikaweka hambaka ndogo yenye ukubwa ule ule wa koili moja, ile ya reli mbili, haikuhitaji kuchimba mbao. Mvumo kwisha, ukali kwisha. Shingo na kati nikaziacha kama zilivyo. Fikiria hilo pia.

FundiLehemu

Ndugu yangu Nyuzi_Sita, nimesoma maelezo yako mara mbili na nimefurahi kwamba umepima na umechungulia ndani kabla ya kuuliza. Naomba usinunue kitu wiki hii. Nitakueleza kwa nini, na itakuwa ndefu kidogo, kwa sababu jambo hili nimelifanyia kazi kwa mikono yangu na limeniuma.

Nianze na hizo kiloomu. Zamani nilinunua seti kwa sababu moja tu, kwamba daraja lake lilisoma 10 na kitu. Niliamini namba kubwa ni nguvu kubwa. Nikalehemu usiku ule ule, nikawasha ampu, na gitaa likaongea kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. Nguvu ilikuwepo, sikatai. Kilichokufa ni ule mdonoo wa mwanzo wa noti, pale piki inapouachia uzi, na huo ndio ulionifanya nipende koili moja tangu mwanzo. Nilikaa na seti ile miezi mitatu nikijilazimisha kuizoea.

Kiloomu inakuambia habari za waya tu, urefu wake na unene wake. Waya wa kawaida wa pikapu hizi ni namba 42, wenye kipenyo cha milimita 0.063 hivi. Pikapu ya mtindo wa miaka ya 1950 ina mizunguko kama 8,000 ya waya huo na husoma kati ya 5.6 na 6.5. Sasa mtengenezaji akichukua namba 43, ambao ni mwembamba zaidi, akazungusha mizunguko ile ile, usomaji unapanda karibu robo nzima. Ya 6 inakuwa 7.5, na hakuna nguvu yoyote iliyoongezeka. Hata joto linaichezea namba hii: shaba ikipata nyuzijoto 10 zaidi, usomaji unaongezeka karibu asilimia 4, kwa hiyo pikapu yako ya asubuhi si ile ya adhuhuri. Tena wewe umepima kupitia kebo, maana yake poti ya sauti (kizuizi cha umeme kilicho chini ya kitufe) imekaa sambamba na koili na kupunguza usomaji kidogo. Kwa hiyo mtu akikutajia kiloomu peke yake, bado hajakuambia sauti.

Sauti inatokana na koili kukutana na kebo. Koili ina induktansi (ukinzani wake kwa mkondo unaobadilika, hupimwa kwa henri), kebo ina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji, hupimwa kwa pikofaradi), na zikiungana zinatengeneza kilele: sehemu fulani ya sauti inainuliwa, na kila kilicho juu yake kinaporomoka. Koili ya zamani ya Strat ina henri 2.4 hivi. Kebo ya kawaida ina pikofaradi kama 100 kwa kila mita. Chukua kebo ya mita 5, jumlisha kidogo kilichomo ndani ya koili yenyewe, upate 600. Kilele kinaangukia karibu na hezi 4,200. Zungusha waya zaidi hadi henri 4, kilele kinashuka mpaka kama 3,200.

Hapa ndipo muuzaji wako anapokupoteza, ingawa huenda anasema kwa nia njema. Masikio yetu ni mepesi mno kati ya hezi 2,000 na 5,000. Ukikisogeza kilele kutoka 4,200 kwenda 3,200, umekihamisha chumba, nyumba ni ile ile. Kinachokuchoma ni urefu wa kilele zaidi ya mahali kilipo. Na urefu huo unadhibitiwa na poti.

Poti za sauti na toni (kitufe cha kupunguza sauti za juu) hukaa kama mzigo juu ya koili. Mzigo ukiwa mzito, kilele kinalala. Ukiwa mwepesi, kinasimama kama mkuki. Kwa koili moja desturi ni poti za kiloomu 250. Za 500 ni za hambaka, ambayo kilele chake kiko chini na kinahitaji kuachiwa. Halafu kuna jambo ambalo wapigaji wengi hawalijui: kwenye Stratocaster, tangu ilipotoka mwaka 1954, toni moja iliwekwa kwa shingo na ya pili kwa kati. Daraja halikupewa toni. Maana yake daraja halikosi kitufe tu, linakosa na mzigo wa ile poti. Shingo inaona poti mbili sambamba, sawa na 125. Daraja linaona moja, 250. Ndiyo maana pikapu tatu zilizozungushwa sawasawa kabisa, ile ya daraja inapiga kelele kuliko dada zake hata kabla hujahesabu kwamba iko mahali ambapo uzi hautikisiki sana na sauti zake za juu ndizo zinazotawala.

Fungua lile bamba la mbele. Soma maandishi ya nyuma ya poti zote tatu uniandikie hapa. Angalia kama kuna waya kutoka swichi ya daraja kwenda kwenye toni yoyote. Kisha bonyeza uzi wa sita na wa kwanza kwenye freti ya mwisho, pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na kijiti cha pikapu, zote tatu. Ukishanipa namba hizo, tutaongea habari ya kununua.

DadaRekodi

Shikamoo fundi. Nakubaliana na uliyoandika, niongezee upande wa mvumo kwa sababu ndio ninaoishi nao. Narekodi gitaa karibu kila wiki, na maikrofoni haisamehi.

Kaka Nyuzi_Sita, pikapu yako ya kati imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Ndiyo maana njia ya pili na ya nne zinanyamaza: koili mbili zinaupokea mvumo kwa pande zinazopingana, unajifuta, wakati sauti ya uzi inajumlishwa. Ni wazo lile lile ambalo Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alilitumia mwaka 1955 kutengeneza hambaka. Kumbuka jambo hili ukienda kununua, maana ukibadilisha pikapu moja bila kuangalia pande zake unaweza kuupoteza utulivu ulio nao sasa bure.

Kelele za gitaa ni za aina mbili na dawa zake ni tofauti. Kuna mvumo mzito wa hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa nchi uliko, unaotoka kwenye transfoma na nyaya za ukutani. Huo unaingia kwa njia ya sumaku. Halafu kuna mkwaruzo mwembamba, kama nyuki ndani ya kopo, unaotoka kwenye chaja, skrini na swichi za kufifisha taa. Ukigusa nyuzi kwa kiganja na kelele ikapungua, hiyo ni aina ya pili. Utepe wa shaba ndani ya shimo la gitaa, vipande vyote vikigusana na kuunganishwa na graundi, unaukata mkwaruzo vizuri sana. Mvumo haugusi hata kidogo. Nimeona watu wakibandika shaba siku nzima kisha wanasikitika kwamba gitaa bado linavuma, na shaba yenyewe haikuwa na kosa.

Kwa mvumo wa kweli, zunguka na kiti chako. Ukiwa na pikapu moja, geini juu, geuka taratibu kama unatafuta kibla, kuna pembe ambayo mvumo unaporomoka ghafla. Mimi huweka alama ya tepu sakafuni. Solo nyingi nimezirekodi kwa tepu ile na koili moja ya kawaida.

Kuhusu zile za koili mbili juu kwa juu, wengi humu huzikataa moja kwa moja, mimi sizikatai. Koili ya chini iko mbali na uzi, inasikia mvumo kuliko inavyosikia uzi, ndiyo kazi yake. Bei yake ni kwamba induktansi na kapasitansi zinabadilika na ule mdonoo wa mwanzo unalainika kidogo. Fender wenyewe mwaka 1987 walitoa gitaa la Strat Plus lenye pikapu tulivu za Lace Sensor kwa sababu wapigaji waliutafuta utulivu huo, kwa hiyo si kiu ya watu wasiojua. Nina gitaa moja lenye pikapu za aina ile, nalitumia kwenye nyimbo zenye ukimya mwingi katikati, pale noti inapoachwa ife yenyewe kwa sekunde sita. Mahali pengine pote natumia za kawaida.

Nyuzi_Sita

Marahaba za fundi nimwachie mwenyewe, ila asanteni sana nyote wawili. Nimefungua jana usiku.

Fundi, poti zote tatu zimeandikwa A500K, yaani kiloomu 500. Nimesoma mara tatu nikitumia taa ya simu nisije nikakosea. Nadhani mwenye gitaa kabla yangu aliwahi kuweka hambaka, maana hata shimo la daraja limepanuliwa kwa patasi chini ya bamba. Na ile pini ya daraja kwenye upande wa toni wa swichi iko tupu, haina waya.

Urefu: shingo upande wa uzi wa sita ni milimita 1.2, upande wa kwanza 1.3. Kati karibu hivyo hivyo. Daraja 2.0 na 1.6. Na sasa nimeelewa kitu kilichokuwa kinanisumbua muda mrefu. Uzi wa sita kuanzia freti ya 12 kwenda juu ulikuwa na sauti mbili zinazogombana, kama noti imepasuka, na sikuweza kuupatanisha hata nikirekebisha daraja siku nzima. Nilifikiri ni nyuzi mbovu. Nimebadilisha seti tatu za nyuzi kwa ajili hiyo.

Nimeteremsha zote mpaka 2.4 upande wa besi na 2.0 upande mwembamba. Ile noti iliyopasuka imepona pale pale. Kesho napata poti za 250.

FundiLehemu

Marahaba dada, na tepu ya sakafuni nakuunga mkono.

Nyuzi_Sita, hiyo noti iliyopasuka ni sumaku kuuvuta uzi. Uzi unatikisika kwa mwendo mmoja kuelekea juu na chini, kwa mwendo mwingine kushoto na kulia, ukasikika kama nyuzi mbili zisizopatana. Sumaku za shingo ndizo wakosaji wakubwa, kwa sababu hapo ndipo uzi unapoyumba zaidi. Hizo 2.4 na 2.0 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa pikapu za mtindo wa kizamani. Toka hapo ufuate sikio.

Ukiweka poti mpya, chukua kipande kifupi cha waya, unganisha ile pini tupu ya daraja na pini ya kati iliyo jirani yake. Hapo toni ya pili itahudumia kati na daraja pamoja. Hata ukiiacha kwenye 10 bila kuigusa, daraja litakuwa limebeba mzigo wake. Rudi utuambie.

Nyuzi_Sita

Nimerudi baada ya siku nne na mazoezi mawili.

Sikutegemea. Daraja ni lile lile, sumaku ni ile ile, ila sindano imeondoka. Toni kwenye 7 sasa naweza kupiga sauti safi kwa daraja na mpiga ngoma hajasema neno. Shingo imepoteza ukali kidogo lakini imezidi kupumua, nadhani ni kwa sababu imeteremka.

Kilichobaki ni hiki, na sijui kama nakieleza vizuri. Kwenye daraja, nikipiga kwa nguvu na nikipiga taratibu, tofauti ni kelele tu. Sauti yenyewe haibadiliki sura. Niliazima gitaa la rafiki lenye alniko, kwenye ampu yangu na kebo yangu, na kila nilivyobadilisha mkono, daraja lilijibu kwa namna nyingine. Nikibembeleza linabembeleza, nikidonoa kwa kucha linang'aka. Hiyo ndiyo ninayoitamani. Je, ni vile vijiti vya chuma? Na je, bado nahitaji seti nzima?

Ridhimu_Tu

Nami nimeenda kupima poti zangu baada ya kusoma uzi huu. 500 pia. Miaka miwili nililaumu pikapu.

FundiLehemu

Umeeleza vizuri sana, na usiwaache watu wakuambie unajiwazia.

Katika pikapu kama zako sumaku ya kauri imelala chini, na katikati ya koili kuna vijiti vya chuma vinavyopitisha nguvu yake. Watu hulaumu kauri. Mimi nakiangalia chuma zaidi. Chuma ndani ya koili kinapandisha induktansi, halafu mikondo midogo ya umeme inazunguka ndani ya chuma chenyewe na kula sauti za juu kabisa, zile zinazobeba habari ya namna mkono ulivyogusa uzi. Kijiti cha alniko, ambacho ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, chuma na mara nyingi kobalti, kinafanya kazi zote mbili: ni sumaku na ni kiini cha koili kwa wakati mmoja, na hakipandishi induktansi kwa kiwango kile. Ndiyo maana unasikia kucha na unasikia nyama ya kidole.

Usinunue seti. Shingo unaipenda, umeisema kwa moyo wako siku ya kwanza, na kati huna neno nayo. Nunua daraja moja. Tafuta alniko 5, waya namba 42, iliyozungushwa zaidi kidogo kuliko ya shingo kwa sababu uzi hautikisiki sana pale. Mimi kwa kazi yako ningetafuta yenye henri 2.8 mpaka 3, itasoma kiloomu 6.6 hivi. Muulize mtengenezaji henri. Anayejua kazi yake atakujibu bila kusita. Alniko 2 na 3 ni dhaifu zaidi, hazivuti nyuzi sana, nazipenda mno shingoni, ila kwa daraja la mtu anayetaka kukaa juu ya hambaka ya mwenzake nahofia zitakuwa laini mno.

Angalia na urefu wa vijiti. Zile za kuiga zamani zina kijiti cha uzi wa tatu kimechomoza kuliko wote, kwa sababu siku zile uzi wa tatu ulikuwa wa kuviringishwa, sauti yake ndogo. Wewe unatumia uzi wa tatu mtupu kama karibu kila mtu leo, na juu ya kijiti kile utapiga kelele kuwazidi jirani zake. Chukua yenye vijiti vilivyolingana. Pima pia umbali kati ya kijiti cha kwanza na cha sita kwenye daraja lako la sasa: milimita 52 hivi ndiyo ya kawaida, na kuna magitaa yenye nafasi finyu zaidi.

Halafu lile la dada. Ikifika, chukua dira ya kawaida, isogeze juu ya vijiti vya shingo, uone upande gani wa sindano unavutwa. Daraja jipya linatakiwa livute upande ule ule, na kati livute upande wa pili. Hilo likikaa sawa, limebaki la mzunguko wa waya, na hilo sikio litakuambia ukiweka njia ya pili.

DadaRekodi

Niongeze moja tu kwa kaka. Ikifika usiisukume juu karibu na nyuzi kwa sababu ni mpya na unataka kuisikia. Anza chini, ipandishe robo mzunguko wa skrubu kwa kila mara, ukilinganisha na shingo kwenye ampu ile ile isiyoguswa. Usawa wa sauti kati ya njia ya kwanza na ya tano ndio wa kuutafuta kwanza.

Nyuzi_Sita

Wakuu, taarifa ya mwisho kutoka kwangu.

Nimepata daraja moja, alniko 5, vijiti vimelingana, mtengenezaji alinijibu kwamba ni henri 2.9. Multimita yangu inasoma 6.7, safari hii moja kwa moja kwenye nyaya zake. Dira ilikubali: shingo na daraja upande mmoja, kati upande wa pili. Nikalehemu nikiwa na uhakika wote.

Njia ya kwanza, nzuri. Nikaweka ya pili, sauti ikawa nyembamba, tupu, kama inatoka kwenye spika ya simu, na mvumo ukarudi. Nikakumbuka maneno ya fundi kuhusu mzunguko. Nikabadilishana nyaya zake mbili, uliokuwa graundi ukaenda kwenye swichi na wa swichi ukaenda graundi. Sauti ikajaa, mvumo ukanyamaza palepale. Nilikaa kama dakika kumi nikigeuza swichi kwenda na kurudi.

Urefu umetulia kwenye 2.2 na 1.8. Kati yake na shingo sauti zinakaribiana, daraja likizidi kidogo, ninavyotaka. Na lile la mkono limekuja. Kuna sehemu kwenye wimbo wetu mmoja napiga noti ile ile mara nane, uzi wa pili freti ya 10, zamani zote nane zilikuwa sawa. Jana nilianza kwa nyama ya kidole nikamaliza kwa kucha, na mwenzangu wa ridhimu akaacha kupiga akanigeukia kuuliza nimekanyaga pedali gani. Sikuwa nimekanyaga kitu.

Nimejaribu pia kebo ya mita 3 ya huyo rafiki badala ya yangu ya mita 5. Ukali ulirudi kidogo, nikamrudishia.

FundiLehemu

Iandike hiyo 2.2 na 1.8 mahali, utaihitaji siku ukibadilisha unene wa nyuzi. Na zile poti za 500 usizitupe, mpe Ridhimu_Tu akitaka pea ya akiba ya ile hambaka yake.